Siri Niliyobebeshwa

Waandaaji wa makongamano ya vijana wana swali ambalo huniuliza pembeni, karibu na meza ya chai, wakiwa wameshusha sauti: "Dada, utajitangaza?" Maana yake nisimame mbele ya ukumbi, nitaje jina, niseme naishi na VVU tangu kuzaliwa, watu wapige makofi, mmoja wawili wafute machozi, kisha ratiba iendelee. Nakataa. Wanashangaa, kwa sababu wameambiwa nimekuwa kiongozi rika kwa miaka mingi, na wengi wanadhani vikundi vya vijana wenye VVU vipo ili kutufundisha kushika maikrofoni.

Sina ugomvi na wanaojitangaza. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza Uganda mwaka 1989 na kusema wazi kwamba anaumwa UKIMWI, aliwafungulia njia watu wengi, na mwaka huohuo akafariki. Lakini mimi nilizaliwa Moshi mwaka 1997, na sikuwahi kukosa jukwaa. Nilichokuwa nacho ni siri ambayo sikuitunga mimi, kwa muda mrefu sikujua ni siri ya nini, na bado nilitakiwa kuitunza.

Nyumbani dawa zangu ziliitwa za kifua. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka 2003, na mwaka uliofuata ndipo serikali ikaanza kutoa ARV bure. Shangazi, dada yake baba, akanichukua. Nilianza kumeza dawa nikiwa darasa la tatu. Nikiuliza kifua kitapona lini, jibu lilikuwa "ukikua." Jirani akiuliza, ilikuwa pumu. Desemba ndiyo ilikuwa kazi. Anayekujua Kilimanjaro anaijua Desemba yetu: ukoo wote unapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, magari yanajaa uani, watoto wa baba wadogo wanalala hata chini ya meza. Dawa zangu zilihamia kwenye debe la unga. Saa mbili usiku Shangazi aliniita jikoni, "njoo unisaidie vyombo," nami nikameza nikiwa nimeupa mlango mgongo. Ndani ya kopo alikuwa ameweka pamba ili vidonge visilie likitikiswa.

Hakuna aliyeniambia. Mwaka 2010, nikiwa darasa la saba, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki nikisubiri namba yangu, nikasoma bango ukutani. Bango lilikuwa na majina ya dawa, na mojawapo nililijua kwa sababu lilikuwa kwenye kopo langu. Nikasoma lote kuanzia juu hadi chini, nikarudia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaotaka watoto wa umri wa shule waambiwe hali zao kwa lugha wanayoielewa. Mimi tayari nilikuwa nimejiambia.

Sikumweleza Shangazi kwamba nimejua. Nilidhani nikisema nitamvunja moyo, baada ya bidii yote ile ya pamba na debe la unga. Basi tukaishi nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kilekile. Kisha nikaenda bweni, nikajifunza kumeza kidonge chooni bila maji.

Nilipomaliza kidato cha nne, nesi mmoja wa kliniki, mama mtu mzima ambaye hakuwa na maneno mengi, alinirudishia kadi yangu na kusema: "Jumamosi njoo saa nne. Kuna vijana wenzako. Chai ipo, nauli utarudishiwa." Hakutaja afya ya akili. Angeitaja nisingekwenda. Huku kwetu ukisema mtu anatibiwa akili, watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, na utani unaanza. Lakini kila mtu anajua maana ya kuwa na mawazo. "Yule binti ana mawazo," walikuwa wanasema juu yangu, na walikuwa sahihi.

Chumba kilikuwa nyuma ya maabara. Viti vya plastiki, maandazi, birika kubwa. Tulikuwa vijana kama dazeni hivi, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Kiongozi wetu alikuwa kaka fundi simu, amenizidi miaka michache. Nilitegemea angeanza na semina: kinga, lishe, ufuasi wa dawa, yale tuliyoyasikia kliniki mpaka tukayakariri. Yeye akasema, "Jana sikulala. Nimefukuzwa na ng'ombe mwenye sura ya mwalimu wangu wa hesabu."

Kwanza kimya, halafu mtu akacheka puani. Halafu msichana wa kona ile akasema yeye huwa anaanguka, anaanguka usiku kucha, hafiki chini. Mwingine akasema anaota amekufa na anahudhuria msiba wake, na pilau limeisha. Ndani ya robo saa kila mtu alikuwa anapigania zamu ya kusimulia. Nami nikasema yangu, ambayo sikuwahi kumweleza mtu: mama amesimama ng'ambo ya mto, ananiita kwa jina langu la utotoni, miguu yangu haisogei. Kwa miaka nilikuwa naamini mama ananidai kitu.

Nesi alikuwa amekaa mlangoni akishona kifungo cha sare yake. Akatueleza kwamba kidonge chetu cha usiku kina efavirenz, na dawa hiyo inajulikana kwa kuleta kizunguzungu, ndoto kali, na kwa baadhi ya watu huzuni au wasiwasi. Nilifarijika, na papo hapo nikakasirika. Miaka yote hiyo! Tulikuwa tunaulizwa kliniki kama tumemeza, tumekosa vidonge vingapi, lakini sikukumbuka hata siku moja kuulizwa nimelalaje. Kuanzia mwaka 2019 nchi ilianza kutuhamishia kwenye dolutegravir, na ndoto zikapungua. Mama naye akapunguza kuja. Hakuna fomu ya kliniki yenye kisanduku cha kuandika hilo, lakini kwenye kikundi nililisema, na wawili wakasema hata wao wanawakosa watu wao wa usiku.

Nimewahi kusikia wataalamu wakieleza kwa nini kijana hufunguka mbele ya kijana mwenzake. Wanataja umri, lugha, mfano wa kuigwa. Yote ni kweli. Mimi nadhani kuna jambo la kawaida zaidi: pale chumbani hakukuwa na mtu wa kulinda. Nyumbani unamlinda mlezi asijue kwamba umejua, shuleni unajilinda wewe, kliniki unamlinda nesi asikate tamaa na wewe, kwa hiyo unamwambia umemeza vyote. Kulinda kunachosha. Na kwa kuwa kila aliyekuwemo alishika siri ya wenzake wote, hakuna aliyekuwa mikononi mwa mwingine.

Wazo lenyewe si geni. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, Uganda mwaka 1987, mwaka uleule aliofiwa na mumewe, na baadhi ya waanzilishi wale walikuwa wenyewe wanaishi na virusi. Hapa Tanzania Theresa Kaijage alianzisha shirika kama hilo, WAMATA, mwaka 1989. Wakati huo dawa zilikuwa bado hazijatufikia. Watu walikusanyika kwa sababu kukusanyika ndiko kulikobaki. Dawa zilipokuja, mazungumzo yakahamia kwenye vidonge, na watoto tuliokuwa tunakua tukahesabiwa kwa kopi za virusi. Zimbabwe waliwahi kuliona hilo. Programu ya Zvandiri, iliyoanza Harare mwaka 2004, iliwafundisha vijana wenye VVU kuwatembelea na kuwasikiliza wenzao, na utafiti wa wilaya za Bindura na Shamva uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliofuatwa hivyo walifubaza virusi vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hapahapa Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walibuni Sauti ya Vijana: vikao 10 vya kundi kwa vijana wenye VVU, vinavyoongozwa na vijana, viwili kati ya hivyo wakiwepo walezi, pamoja na vikao vya mtu mmoja mmoja. Kikundi chetu hakikuwa cha utafiti, ila tulipopewa mpangilio wa vikao, mengi yalifanana na ya kule.

Kikao nilichokiogopa ni cha walezi. Shangazi alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kiti cha plastiki akiwa amepakata mkoba. Kila kijana alitakiwa kumwambia mlezi wake jambo moja. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia upya, kana kwamba hatukupanda daladala moja asubuhi ile.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilijua tangu darasa la saba. Nilisoma kwenye bango."

Hakushtuka. "Najua," akasema. "Nilijua umejua siku ulipoacha kuniuliza kifua kitapona lini."

"Sasa mbona hukusema?"

Akafungua mkoba, akaufunga. "Mama yako aliniapisha. Alisema nikwambie ukishakuwa na akili ya kumsamehe. Mimi nikawa kila mwaka nakuangalia, nasema bado. Baadaye nikaona kumbe ni mimi ndiye bado."

Niliwahi kusoma katika makala nyingi kwamba walezi wanaficha kwa ujinga au kwa aibu. Shangazi hakuwa mjinga. Alikuwa amebebeshwa kiapo na mtu anayekufa, na akakibeba peke yake jikoni. Siku ile ndipo nilipoanza kuona tofauti ya siri uliyobebeshwa na siri unayoitunza mwenyewe kwa hiari. Zote mbili zinafunga mdomo uleule. Lakini ya kwanza inakutawala, ya pili unaitawala. Tukiwa tunashuka kuelekea stendi Shangazi akaniuliza, "Sasa watoto wa baba yako mdogo tuwaambie?" Nikamwambia hapana, sitaki. Akasema sawa. Desemba ile dawa hazikurudi kwenye debe la unga. Zilikaa chumbani kwangu, kwenye droo yangu, na ufunguo ulikuwa wangu.

Baadaye nikafundishwa uongozi rika. Somo lililonikaa zaidi ni la pembetatu: wazo, hisia, tendo. Binti wa miaka 16 anasema rafiki yake hakumwitikia salamu. Wazo: "Amejua." Hisia: hofu. Tendo: anahama dawati, anaacha kwaya. Kwenye mafunzo tulielekezwa kumsaidia kulipima wazo lake, kutafuta maelezo mengine. Nikauliza kundi, labda rafiki alikuwa na nini? "Njaa," mvulana mmoja akajibu, tukacheka. Lakini msichana mwingine akasema, "Na kama kweli amejua?" Hapo ndipo kiongozi aliyepitia hayo anapomzidi mwenye cheti. Mtaalamu angeweza kumrudisha kwenye pembetatu. Mimi nilijua kwamba kweli kuna siku wanajua: kadi inaanguka, mpwa anasoma kopo, mtu anakuona unatoka mlango ule wa kliniki. Hofu yetu haikuwa ya kufikirika. Kwa hiyo tulipanga pande zote mbili: kama hajui, utafanya nini, kama anajua, nani utampigia simu jioni hiyo. Majina yaliandikwa. Mtu mwenye namba mbili za kupiga anatembea tofauti shuleni.

Tulitumia pia PHQ-9, dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, kulala vibaya, kujiona hufai. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haipiti 27, na kwa kawaida anayefika 10 anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Swali la 9 linahusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Kanuni yetu juu ya swali hilo haikuwa na mjadala. Huliruki, humhubirii, hubaki nalo peke yako. Siku hiyohiyo unamsindikiza kwa nesi na hamwachani njiani. Wengi walisita kulijibu. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtoto aliyezoea kuficha dawa hahitaji sababu nyingine ya kuficha. Nilichojifunza ni kwamba swali lenyewe halimtii mtu wazo hilo kichwani. Waliokuwa nalo walipumua kwa kuulizwa.

Hatukumwokoa kila mtu. Mvulana mmoja, wa miaka 17, aliacha kuja, na tulipompigia simu alisema anafanya kazi shambani. Alikuwa ameacha dawa. Tukapata taarifa ya msiba kupitia kwa nesi. Tulikwenda sisi wote. Njiani tukakubaliana kwamba tukiulizwa tutasema ni wanakwaya wenzake, kwa sababu familia haikuwaambia majirani kitu, na siri ilikuwa yake, si yetu. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka mshereheshaji, mbele ya watu wote waliojaa kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwao, aliposema: "Sasa wanakwaya wenzake waje mbele watuimbie."

Tukaangaliana. Kati yetu waliokuwa kwenye kwaya kweli walikuwa wawili, mmoja Mlutheri na mmoja Mkatoliki. Tukasimama karibu na jeneza, Mlutheri akaanzisha tenzi ambayo kila mtu Kilimanjaro anaijua, nasi tukamfuata, vibaya sana, sauti tatu tofauti ambazo hazikupangwa na mtu. Bibi yake marehemu alituangalia kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Baadaye alitutafuta, akatupa sahani ya kwanza ya chakula kabla ya wazee, na hakutuuliza tunaimba kanisa gani.

Kikao kilichofuata hakikuwa na pembetatu. Na mimi kiongozi sikuweza kukiongoza. Nesi ndiye aliyekishika. Ndiyo maana nikisikia mtu anasifu vikundi rika kwa kuwa ni vya bei nafuu, nakasirika. Ni kweli kiongozi rika halipwi kama mwanasaikolojia. Mara nyingi halipwi kabisa: anapewa nauli, cheti, na fulana yenye maandishi mgongoni ambayo hawezi kuivaa mtaani. Anaitwa wa kujitolea hata akifanya kazi hiyo miaka mitano. Anasikiliza habari za ubakaji, njaa na vifo, kisha anarudi kwenye chumba chake cha kupanga kumeza dawa zilezile. Nimeona viongozi wazuri wakiacha dawa wakiwa bado wanawahimiza wengine wasiache. Kwa hiyo kila baada ya kikao sisi viongozi tulikaa na nesi, mlango umefungwa, kila mmoja akasema alichoondoka nacho. Saa moja tu. Fedha za mradi zikipungua, saa hiyo ndiyo huwa ya kwanza kufutwa. Ningekuwa na mamlaka ningefuta fulana.

Wala kikundi hakilipi ada wala hakijazi chungu. Wapo waliokosa kwa sababu nauli hurudishwa baada ya kufika, nao hawakuwa na ya kufikia. Wapo ambao huzuni yao iliisha wiki waliyopata kibarua, na PHQ-9 ikashuka bila sisi kufanya chochote. Kuna siku mazungumzo yanafika mwisho wake, mtu anahitaji unga.

Siku hizi vikao vinavyojaa ni vya mapenzi. Sisi tuliozaliwa na virusi tuliambiwa tutaishi, lakini hatukuambiwa kwamba tutapendwa. Sasa vijana wanajua kwamba mtu aliyefubaza virusi hadi kipimo hakivioni hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wanajua namba za kopi zao kuliko namba za mitihani. Kinachobaki ni kusema, na kusema tunakufanyia mazoezi kwa igizo. Mmoja anakuwa yeye mwenyewe, mwingine anakuwa mpenzi anayeambiwa. Wavulana wanapenda kuigiza mpenzi anayezimia, mpaka tumeweka sheria kwamba hakuna kuzimia.

Binti mmoja mfanyakazi wa saluni alifanya igizo hilo vikao kadhaa mfululizo. Alikuwa na kijana anayempenda, walikuwa bado hawajafika mbali, na alitaka amwambie kabla hawajafika. Tulimpa mpenzi mpole, mpenzi mkali, mpenzi anayenyamaza, mpenzi anayeuliza maswali ya kipumbavu. Alituweza wote. Tukapanga siku, tukapanga mahali penye watu ila pasipo na kelele, tukapanga nani ashike simu yake wazi jioni ile.

Jumamosi iliyofuata alifika amechelewa, akajimiminia chai, akatangaza kwamba hakumwambia. Tukaanza kusogeza viti, kila mmoja na sura yake ya pole. Akainua mkono kutuzuia.

"Msinipe pole. Nimemwacha. Tumekaa, nimeagiza chipsi mayai, yeye akaagiza soda. Bili ilipokuja akatoa simu akaanza kupiga hesabu, kila mtu alipe chake, na tomato sosi akaiweka kwangu. Tomato sosi! Mimi mtu kama huyo nimpe siri yangu?"

Kundi likalipuka. Nusu walimwunga mkono, nusu wakasema kijana alikuwa na haki kuhusu sosi, na ratiba ya siku hiyo hatukuigusa.